Sahihi Elfu Moja za Igembe

Shilingi 10,000 na sahihi 1,000. Kijana wa Kenya anayetaka kwenda Bunge la Kitaifa bila kushikwa mkono na chama chochote, sheria haimdai mengi zaidi ya hayo. Ada ya kawaida ya mwaniaji wa ubunge ni shilingi 20,000, lakini vijana, wanawake na watu wenye ulemavu hulipa nusu. Kule Maua, katika Kaunti ya Meru, hiyo ni bei ya mbuzi mmoja aliyenona. Sahihi nazo ziwe za wapigakura waliosajiliwa katika eneobunge lenyewe. Halafu kuna sharti la Kifungu cha 85 cha Katiba ya 2010: mwaniaji asiwe mwanachama wa chama chochote cha kisiasa kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi.

Kwenye karatasi mlango ni mpana. Ukimuuliza mtu yeyote aliyewahi kuwania hata udiwani, atakwambia karatasi haijawahi kununulia umati soda.

Ndiyo maana Agosti 2017, matokeo ya eneobunge la Igembe Kusini, kulekule Meru, yalipotangazwa, watu wengi walidhani kuna kosa la tarakimu. John Paul Mwirigi, mwenye umri wa miaka 23, mwanafunzi wa ualimu katika Chuo Kikuu cha Mount Kenya, mtoto wa sita katika familia ya watoto wanane, alikuwa amepata kura 18,867. Rufus Miriti wa Jubilee, chama kilichokuwa kimelishika eneo zima la Mlima Kenya, alikuwa na 15,411. Mwirigi hakuwa na gari. Hakuwa na chama. Kampeni aliifanya kwa miguu, nyumba hadi nyumba, na ilipoanza kuonekana kwamba kijana huyu hatanii, wahudumu wa bodaboda wakawa wanampakia.

Anayeijua Igembe anajua kutembea huko ni kazi ya namna gani. Wadi ni tano: Maua, Kiegoi/Antubochiu, Athiru Gaiti, Akachiu na Kanuni. Ni nchi ya vilima vya Nyambene, ya udongo mwekundu unaong'ang'ania kiatu mvua ikinyesha, na ya mashamba ya miraa ambayo hayana ua unaoeleweka, unapita katikati yake ukiwasalimu watu waliopanda juu ya miti. Mchana wanaume wako shambani au sokoni wakifunga vibunda kwa majani ya mgomba, na pikapu zinangoja, injini ikinguruma, kutimka mbio kwenda Nairobi kabla zao halijanyauka. Mwaniaji mwenye magari kumi hupita barabarani akipiga honi. Asiye na gari analazimika kusimama, na akisimama huulizwa maswali.

Nadhani hapo ndipo alipowashinda. Lakini kabla hatujageuza jambo hili kuwa hadithi ya kuwalaza watoto, tuzitazame kura tena.

Mwirigi hakumng'oa mbunge aliyekuwa kitini. Mithika Linturi, aliyekuwa amelishikilia eneobunge hilo kwa mihula miwili, alikuwa ameondoka kwenda kuwania useneta wa Meru, akaupata. Kiti kilikuwa wazi. Pili, waliokuwa nyuma ya Mwirigi na Miriti hawakuwa wa kupuuzwa: watatu waliofuata walipata 7,695, 6,331 na 2,278. Jumlisha kura za watano hao uone: mshindi hakufikisha asilimia 40. Tofauti yake na Miriti ilikuwa 3,456. Katika mfumo wetu, ambapo mwenye nyingi ndiye mwenye zote, mwaniaji wa nje hahitaji kupendwa na wengi. Anahitaji wakubwa wagawane kura zao, na yeye awe na watu wake wasiotikisika.

Simnyang'anyi sifa. Wapo wengi waliopata bahati ya kiti wazi na wapinzani waliogawanyika, wakashindwa hata kukusanya hizo sahihi. Nasema tu kwamba miguu peke yake haitoshi. Inataka pia nafasi.

Na mwaka huo wa 2017 nafasi ilikuwepo. Katika ngome ya chama kimoja, uchaguzi wa kweli huwa ni mchujo, na Agosti ni kama harusi ya serikali baada ya mahari kwisha kulipwa. Mchujo wa Jubilee wa Aprili mwaka huo uliacha manung'uniko kila mahali: karatasi zilizochelewa, matokeo yaliyobishaniwa, washindi waliotangazwa wawili wawili. Chama kikaja baadaye na wimbo wake wa kuwataka watu wapige kura moja kwa moja, kuanzia rais hadi diwani, kila karatasi chama hichohicho. Meru waliitikia nusu ya wimbo. Rais walimpa. Kwengine wakachagua wenyewe. Wabunge wasio na chama walioingia Bunge la Kitaifa mwaka huo nchi nzima walikuwa 14, na watatu kati yao walitoka kaunti hii moja: Mwirigi wa Igembe Kusini, Kathuri Murungi wa Imenti Kusini, na Kawira Mwangaza, Mwakilishi wa Wanawake.

Mkulima wa miraa alikuwa na sababu zake za kutowaamini wenye tiketi. Uingereza ilikuwa imelifunga soko lake Juni 2014, na wanasiasa wakubwa wa Meru, waliokaribishwa Ikulu mchana na usiku, hawakuweza kulifungua. Mwaka 2016 sheria ikaitambua miraa kuwa zao la biashara. Ni jambo jema, ila utambuzi haufungwi kwenye majani ya mgomba ukapelekwa sokoni. Ukishaona kwamba mtu wa karibu na mamlaka hakukuletea kitu, hofu ya kumtuma mtu wa mbali na mamlaka inapungua.

*

Siasa za Meru na Embu zina historia ndefu ya watu wa nje wanaopenya, na kila mara swali la kuuliza ni lilelile: nani alishika ufunguo wa mlango?

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane. Mkoa wa Kati ulikuwa wa Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuketi katika baraza hilo, aliyekuwemo tangu 1944 kwa kuteuliwa. Alipokutana na debe, aliangushwa na mwalimu wa Meru aitwaye Bernard Mate. Mate akaingia barazani pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, na jina lake leo linakumbukwa na wachache mno kulinganisha na hao.

Ushindi ule nao ulikuwa na siri yake. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuruhusiwa kupiga kura ila kwa cheti cha utiifu, cha kuthibitisha kwamba mwenye nacho hakuwa na mkono wake katika Mau Mau. Wameru waliopewa vyeti walikuwa wengi. Wakikuyu wengi walinyimwa. Juu ya hayo, sheria ilimruhusu mtu mmoja awe na kura hadi tatu kulingana na elimu, mali na utumishi wake. Kwa hiyo ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mkuu wa wilaya mzungu. Mate alikuwa mtu hodari, hilo halina ubishi, lakini mlango aliupita kwa kuwa watu wa Mathu walikuwa wamefungiwa nje. Mwaka uliofuata viti viliongezwa, na Jeremiah Nyagah wa Embu akaingia kwa kiti cha Nyeri na Embu.

Baada ya uhuru ufunguo ulihamia KANU. Kuanzia 1969, chama cha upinzani cha KPU kilipopigwa marufuku, ilikuwa KANU au kukaa nyumbani. 1982 ikaandikwa kwenye Katiba. Kilele kilikuwa 1988, uchaguzi wa mlolongo: watu wanapanga foleni nyuma ya picha za wawaniaji, na anayetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 kwenye foleni anakwenda Bungeni bila kupingwa. Wazee wa milimani bado wanacheka, kicheko kikavu, wakikumbuka foleni fupi zilizotangazwa kuwa ndefu.

Vyama vingi viliporudi Desemba 1991, wengi walidhani mlango umeachwa wazi. Haukuachwa. Katiba ya zamani iliendelea kudai kwamba kila mwaniaji wa ubunge awe ameteuliwa na chama. Funguo zilikuwa nyingi sasa, lakini kila moja ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na bei. Ilichukua hadi Katiba ya 2010 kwa Mkenya asiye na chama kuruhusiwa kusimama kwa jina lake.

Wenzetu wa Tanzania wanaosoma haya watamkumbuka Mchungaji Christopher Mtikila. Alipigania haki hiyohiyo mahakamani tangu miaka ya 1990. Akashinda Mahakama Kuu, akashindwa mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko palepale Arusha, na Juni 2013 ikampa ushindi. Alifariki 2015 bila kumwona mgombea binafsi hata mmoja. Upande huu wa mpaka, mwanafunzi asiye na gari aliingia Bungeni kwa haki hiyo.

Uganda nao walikuwa wametushangaza Septemba 2012, Proscovia Alengot Oromait alipochaguliwa mbunge wa Usuk akiwa na miaka 19. Mdogo kuliko Mwirigi, naam. Lakini alikuwa na tiketi ya NRM, na kiti kilikuwa cha marehemu baba yake. Vivyo hivyo Linet Toto wa Bomet, aliyechaguliwa Mwakilishi wa Wanawake mwaka 2022 akiwa na miaka 24: wimbi la chama cha UDA lilikuwa nyuma yake. Ujana na ugeni ni vitu viwili tofauti, na magazeti yetu hupenda kuvichanganya.

*

Kuna jambo moja la uchaguzi wa 2017 ambalo sijaona likitajwa vya kutosha. Siku ileile Igembe Kusini walipokuwa wakimpigia kura kijana wao asiye na chama, kulikuwa na mwaniaji mwingine wa kujitegemea kwenye karatasi ya urais: Joseph Nyagah wa Embu. Huyu alikuwa mtoto wa yule Jeremiah Nyagah wa 1958, mzee aliyekaa serikalini miaka mingi. Joseph mwenyewe alikuwa amekuwa mbunge wa Gachoka na waziri. Ndugu yake Norman alikuwa mbunge wa Kamukunji na Kiranja wa Serikali Bungeni. Kama kuna nyumba iliyozijua korido za mamlaka kwa giza, ni hiyo. Akasimama kama mgombea huru, akapata kura 42,259 Kenya nzima, na bado akawa wa tatu.

Weka hesabu hizo kando kwa kando. Mwirigi, katika wadi tano, alipata karibu nusu ya kura ambazo Nyagah alizipata katika kaunti 47. Wote wawili sheria iliwaita wagombea huru. Mpigakura alijua nani kakosa chama na nani kakosana na chama.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo neno "huru" linaificha. Wengi wa wawaniaji huru wa Kenya ni waliopoteza mchujo Aprili, wakagundua uhuru wao Mei. Wakishinda, Septemba wako tayari wanatafuta kiti karibu na meza. Sina neno baya sana juu yao. Mtu aliyeibiwa mchujo afanye nini? Lakini huyo si mgeni wa siasa, ni mwenyeji aliyefungiwa nje ya nyumba yake kwa usiku mmoja. Rahim Dawood wa Imenti Kaskazini alikuwa mbunge kwa mihula miwili kabla ya kutetea kiti chake bila chama mwaka 2022, akashinda. Mwaka huohuo Mbeere Kusini, upande wa chini wa Embu, ilimchagua Nebart Muriuki bila chama. Katika milima hii, watu hawaogopi tena karatasi isiyo na nembo ya chama kikubwa. Hilo nadhani limeshakaa.

*

Kinachofuata baada ya kuapishwa hakina wapiga picha.

Mwirigi alitoka kwenye bajeti ya mwanafunzi akaingia kwenye mshahara wa shilingi 621,250 kwa mwezi, kiwango kilichokuwa kimetoka tu kupunguzwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu huku wabunge wakilia. Aliketi katika ukumbi wa wabunge 349. Ukumbi huo unaendeshwa na vyama: viranja ndio wanaopeleka majina ya kamati, ndio wanaojua nani atazungumza, ndio wanaohesabu vichwa kabla hoja haijafika sakafuni. Wasio na chama walikuwa 14, kila mmoja na lake.

Nyumbani nako foleni ilikuwa imeanza. Karo, mazishi, harambee, daraja lililosombwa na maji. Hapa kuna jambo moja linalomwokoa mbunge asiye na chama: Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, NG-CDF, hugawiwa maeneobunge yote 290 kwa sheria. Mtoto wa Akachiu atapata basari hata mbunge wake akiwa hajawahi kupiga picha na rais. Lakini hazina hiyo haijengi barabara kuu ya lami, haimteui mtu wa kwenu kwenye bodi ya shirika la serikali, haipigi simu Mogadishu soko la miraa likifungwa. Nalo likafungwa: Machi 2020 ndege za miraa za kwenda huko zilisimamishwa, na hazikuruka tena hadi Julai 2022. Miaka miwili na zaidi, karibu nusu ya muhula wake wa kwanza, wakulima wake wakilitazama zao lao likiwa halina pa kwenda. Mbunge wa kujitegemea anaweza kulalamika kuhusu hilo kwa sauti kubwa kadiri apendavyo.

Mwaka 2022 Mwirigi alirudi kwa wapigakura akiwa na tiketi ya UDA, akachaguliwa tena. Wapo waliosikitika, hasa watu wa mijini ambao hawakuwahi kukanyaga Igembe na waliokuwa wamemfanya sanamu ya usafi. Mimi sikusikitika. Aliyeingia dirishani, akaishi humo miaka mitano akiona nani anapewa chakula, akaamua mara hii apite mlangoni. Ninachomdai ni kingine: katika muda wote huo, wasio na chama hawakujenga hata kibanda cha pamoja cha kuwalinda watakaowafuata kwa njia ileile.

Maana anayekataa kuingia chamani naye hana salama. Mtazame mwenzake wa 2017. Kawira Mwangaza, mhubiri mwenye kanisa na kituo cha televisheni kilichoitwa Baite, alijulikana vijijini kwa mpango wake wa Okolea wa kuwagawia watu ng'ombe, nyumba na magodoro. Alimaliza muhula wake wa Mwakilishi wa Wanawake, akawania ugavana mwaka 2022, tena bila chama. Alikuwa akikabiliana na Kiraitu Murungi, gavana aliyekuwa katika siasa za kitaifa tangu 1992, na Linturi aliyebeba bendera ya UDA. Matokeo: Mwangaza 209,148, Linturi 183,859, Kiraitu 110,814. Majitu mawili yaligawana, mwanamke asiye na chama akapita katikati. Hesabu ni ileile ya Igembe Kusini, ila sasa kwa kiwango cha kaunti nzima.

Miezi minne haikwisha kabla madiwani hawajampigia kura ya kumtimua. Seneti ikamwokoa Desemba 2022. Wakarudia Oktoba 2023. Seneti ikamwokoa tena mwezi uliofuata. Mara ya tatu, Agosti 2024, Seneti iliyaunga mkono mashtaka, na baada ya kesi ndefu Mahakama Kuu ikakataa kumrudisha Machi 2025. Naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa kuchukua nafasi hiyo. Madiwani walikuwa na orodha ya makosa, naye hakuwa malaika. Wapo wafuasi wake wanaokiri kwamba ugomvi hakuukimbia. Lakini gavana mwenye chama akikorofishana na madiwani huitiwa mkutano na mkubwa wa chama, wakafungiwa chumbani, wakatoka wakitabasamu. Mwangaza hakuwa na mkubwa wa kumpigia simu. Jambo lililompatia kura ndilo lililomwacha peke yake.

Upande wa Embu tumeona hivi karibuni kinachotokea kiti kimoja kinapofanywa uwanja wa wakubwa. Geoffrey Ruku alipoteuliwa waziri mwaka 2025, Mbeere Kaskazini ilibaki bila mbunge, na uchaguzi mdogo ukaitishwa Novemba 27. Eneo kame la muguka na mbuzi, lisilozoea misafara, likajaa helikopta. Upande mmoja serikali na Gavana Cecily Mbarire wakimnadi Leo Wamuthende wa UDA. Upande wa pili upinzani, na Rigathi Gachagua mbele, wakimnadi Newton Karish wa DP, chama cha Justin Muturi. Wamuthende 15,802, Karish 15,308. Kura 494. Katika mafuriko ya namna hiyo, mtu wa miguu angesombwa kabla ya saa nne asubuhi. Wawaniaji walikuwepo wengine; nani anawakumbuka?

Kwa hiyo anayepanga kujaribu njia ya Mwirigi katika uchaguzi wa Agosti 10, 2027 asiangalie tu jinsi kijana yule alivyotembea. Aangalie kwanza kama kiti kiko wazi, na kama wakubwa wamegawanyika au wamekubaliana. Kuna pia jambo dogo la kiufundi ambalo limewahi kuwashtua watu wengi. Juni 2021 maelfu ya Wakenya waliingia katika tovuti ya eCitizen, wakafungua ukurasa wa Msajili wa Vyama vya Kisiasa, wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kuvisikia. Mtu aliacha nambari ya kitambulisho kwa bawabu wa jengo fulani mjini, au kwa wakala wa huduma za pesa, na huko ilikotoka ikaingia kwenye daftari la chama. Kwa mpigakura wa kawaida hilo ni kero. Kwa mwaniaji wa kujitegemea, akigundua Juni, miezi mitatu ya Kifungu cha 85 imekwisha kupita, na sahihi zake 1,000 ni karatasi za kufungia miraa.

Kujiondoa ni bure, na hufanywa kwenye tovuti hiyohiyo, kwa simu, hata ukiwa umekaa juu ya pikipiki stendi ya Maua ukingoja abiria.